Tulipowapeleka Watoto Mto Sagana

Ukitoka Thika ukashika barabara ya kwenda Nyeri, utaacha mashamba ya mananasi nyuma yako, utapita Kenol na Makuyu, na baada ya mwendo wa saa moja hivi utaingia mji mdogo wa Sagana. Wengi wetu tumepita hapo mara nyingi tukienda harusini, mazishini au kuwaona watoto shuleni. Tulichokijua cha Sagana ni samaki, kwa maana serikali ina kituo cha kufuga samaki hapo, na stesheni ya reli iendayo Nanyuki. Mto wenyewe tuliuona kwa dirisha la matatu, ukapita, basi.

Kumbe mto huo si wa kupitwa hivi hivi. Maji yake hutoka Mlima Kenya, na mito inayoungana nao hutoka milima ya Aberdare. Ukizidi kushuka huitwa Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, karibu kilomita 1,000 mpaka Bahari ya Hindi. Huko chini hukutana na mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kuna mamba na viboko. Lakini hapo Sagana maji bado yanakwenda yapendavyo. Kuna mahali hutulia kama maji ya beseni, na kuna mahali huingia kati ya mawe makubwa yakapiga kelele na kutoa povu. Ndipo watu huja kuteremka kwa maboti ya mpira yaliyojazwa upepo, kwa kuongozwa na vijana walioujua mto huo jiwe kwa jiwe.

Haya tunayowaandikia, wapenzi wasomaji, ni habari ya jinsi sisi akina mama wa kanisa moja la Thika tulivyopanga kuwapeleka vijana wetu mtoni, tukarudi mikono mitupu mara ya kwanza, tukafika mara ya pili. Mmoja wetu hakuitaka kabisa safari hiyo, naye ndiye aliyetufaa kuliko wote.

Urithi wa stoo

Mambo yalianza kwa zawadi. Familia moja ya wageni waliokuwa wakifanya kazi karibu nasi ilipokuwa ikirudi kwao, ilituachia kanisani boti moja la mpira, makafi manane, pampu ya mguu na majaketi kumi na manne ya kuokolea. Tulishukuru, tukapiga makofi, na vitu vyote vikasukumwa stoo nyuma ya viti vilivyovunjika. Vilikaa humo zaidi ya miaka mitatu. Wenye stoo za kanisa mnajua hali yake.

Kisha vijana wakaja na ombi lao: likizo ya Aprili twende Sagana, vifaa si tunavyo? Katika kikao cha akina mama ombi lilipokewa kwa furaha. Mweka hazina alianza hata kuhesabu nauli. Mwenzetu mmoja tu ndiye aliyenyamaza, na sote tulijua sababu. Mwanawe wa kwanza alikufa maji akiwa na miaka 11, katika shimo la mawe lililoachwa wazi likajaa maji ya mvua. Mashimo ya namna hiyo pande zetu ni mengi, na kila msimu wa mvua tunawakataza watoto, nao kila msimu wanakwenda. Amebaki na binti mmoja wa miaka 16.

Aliposimama hakusema mengi. "Nyinyi nendeni. Wangu haendi." Akakaa. Kisha akauliza akiwa amekaa: "Na hayo majaketi, kuna mtu ameyajaribu majini?"

Hakuna aliyekuwa ameyajaribu. Tulidhani jaketi la kuokolea ni jaketi la kuokolea, kama vile sufuria ni sufuria.

Jumamosi iliyofuata tulitoa kila kitu nje, tukakitandaza nyasini. Loo! Panya walikuwa wamezalia ndani ya majaketi mawili na kutafuna mpaka kati. Mengine yalikuwa na ukungu mweusi shingoni, na harufu ya yote tuiache. Tulichukua maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ya kufulia, ile isiyo na makali, tukasugua kwa brashi laini na kusuuza. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe hatukuitia, kwa sababu hula uzi. Wala hatukuyaanika juani siku kutwa. Jua lile lile linaloua ukungu hudhoofisha kitambaa na mikanda, kwa hiyo huanikwa kivulini penye upepo. Na kwenye jiko la makaa hata usiyakaribishe, maana sponji la ndani likipata moto hujikunja na halirudi tena.

Yalipokauka tulianza kuyakagua, na hapo ndipo tulipoona faida ya kuwa na washona nguo wawili katika chama. Mshona nguo hatazami rangi ya vazi, hutazama mshono. Walishika kila mkanda kwa mikono miwili wakauvuta kwa nguvu zao zote. Majaketi matatu yaliyoonekana mazuri kabisa, ya rangi ya machungwa iliyopauka kidogo, yalichanika mikononi kama karatasi. Kupauka kule ndiko kulikokuwa ishara ya kwanza.

Halafu tukafikia manne yaliyokuwa mazito na manene kuliko mengine. Mama mmoja aliyezaliwa Pwani aliyabonyeza, akanusa, akasema, "Hii si sponji. Hii ni sufi ya mto."

"Mto upi?" akauliza mwingine. "Sagana?"

"Mto wa kulalia!"

Tulicheka sana, lakini neno lake lilikuwa kweli. Zamani majaketi mengi ya kuokolea yalijazwa sufi, kwa sababu nyuzi za sufi zina uwazi wenye hewa ndani na nta kidogo kwa nje, hivyo huelea vizuri mno. Shida yake ni kwamba sufi hiyo hufungwa katika mifuko ya plastiki, na plastiki ikitoboka, maji huingia na sufi hulowa. Watu waliokuwa na mazoea ya kuyakalia majaketi hayo kama mito kwenye boti waliyapasua mifuko bila kujua. Hata ya sponji yakikaliwa mara kwa mara hubonyea na kupoteza nguvu ya kuinua.

Basi tukayapima yote kwa mizani ya duka, tukaandika uzito wa kila moja, tukayazamisha katika tangi la maji kwa kuyafunga mawe, yakalala humo usiku kucha. Asubuhi baada ya ibada watu wote walikuja kuona. Manne ya sufi, tulipoyafungua mawe, hayakupanda juu. Yalibaki chini ya tangi kama matambara. Tulipoyapima uzito wa mojawapo ulikuwa umezidi mara mbili.

Mwenzetu yule alikuwa amesimama nyuma. Hakusema kitu. Sisi wengine tulitazamana, kila mmoja akifikiria ni mtoto yupi angevishwa lile.

Katika kumi na manne yalibaki matano, moja kati ya hayo likihitaji bizimu jipya. Washona nguo wetu walitaka kuyaokoa yale mengine kwa kuyatia mikanda mipya. Tulimpigia simu kiongozi mmoja wa maboti kule Sagana, naye akatuambia tuache. Mshono wa nyumbani unaweza kuonekana imara, lakini haukupimwa kubeba mtu anayevutwa na maji, na kila tundu la sindano ni udhaifu mwingine. Tukashauriana tuyafanyeje. Mmoja alitaka tuwape watoto wadogo wachezee, mwingine akasema yanafaa kuwa matandiko ya mbwa. Hapo ndipo mwenzetu alipotoka nyuma, akachukua makasi ya mshona nguo, akakata mikanda ya jaketi moja baada ya jingine mpaka yote tisa yakaisha. "Kitu kikiwa na sura ya kuokoa," alisema, "mtoto atakiamini." Kisha akaenda zake nyumbani.

Boti na viraka vyake

Boti lenyewe lilikuwa na hali nzuri kidogo. Tulilijaza upepo, tukachanganya maji na sabuni mpaka povu, tukalipaka lote kwa sifongo. Mahali penye tundu povu huchemka. Tulipata matundu matatu madogo na vali moja iliyokuwa na mchanga ndani.

Kijana mmoja anayeziba pancha za baiskeli alijitolea. Aliziba kwa solusheni yake ya kawaida na tulimsifu. Jua lilipopanda saa sita viraka viwili vikainuka kama kaukau. Baadaye tulielezwa kwamba maboti haya hayafanani: mengine ni ya plastiki nzito ya PVC na mengine ni ya mpira wa namna ya Hypalon, na gundi ya moja haishiki kwa nyingine. Kwa hiyo kwanza ujue boti lako ni la kitu gani. Halafu unasafisha mahali pale, unapakwaruza kwa msasa, unapaka gundi nyembamba pande zote mbili, unangoja ikauke mpaka iwe ya kunata tu, ndipo unabandika na kukandamiza kwa nguvu, kama unavyosukuma chapati, ukitoka katikati kwenda nje ili hewa isibaki. Unaliacha siku nzima kabla ya kujaza upepo. Haraka ndiyo iliyotuharibia viraka vile.

Jambo jingine tulilojifunza ni la jua. Boti lililojazwa mpaka likalia kama ngoma asubuhi ya baridi, likiachwa ufukoni adhuhuri, hewa ya ndani hutanuka na mshono unaweza kuachia. Hupunguzwa upepo kidogo likitoka majini, na huongezwa likirudi kwenye maji baridi. Ni kama unga wa maandazi: ukiufunika ukausahau utaukuta umemwagika.

Aprili

Waume zetu walikuwa na maoni yao. Wengine walisema mchezo huo ni wa watalii, na mmoja aliuliza kama biashara ya kwaya imeisha. Lakini walitoa michango, na baba mmoja fundi umeme alitupatia mifuko migumu ya plastiki ya kufungia simu na dawa.

Mmoja wetu ana dada aliyeolewa Jinja, Uganda, na mwanzoni vijana walitaka twende huko kwenye Naili. Dada huyo alitueleza kwamba maporomoko ya Bujagali tuliyokuwa tukiyaona katika kalenda za zamani yalifunikwa na maji ya bwawa la umeme mwaka 2011, na bwawa la Isimba likafunika mengine baadaye. Wenye maboti huko wamehamia sehemu nyingine za mto. Safari hiyo ilikuwa mbali na ghali, tukaiacha, lakini tulikumbuka somo lake. Hatukupanga Sagana kwa kusimuliwa. Wawili wetu walikwenda kwanza kuona kwa macho.

Walielezwa kwamba maporomoko hupangwa kwa daraja kuanzia 1 hadi 6. La 1 ni maji yaendayo kwa amani, la 3 lina mawimbi ya kukulowesha na kukuyumbisha, na la 6 watu wenye akili zao hulizunguka kwa miguu. Na poromoko moja linaweza kupanda daraja kwa usiku mmoja maji yakiongezeka. Viongozi wakakubali tutumie boti letu sehemu tulivu tu, wao wakiwa pembeni. Sehemu yenye mawe wangetumia maboti yao, majaketi yao na helmeti zao, kwa wenye miaka 16 na zaidi peke yao. Walikagua hata majaketi yetu matano. Tuliwapenda kwa ukali huo.

Tatizo lilikuwa ni tarehe. Likizo ya Aprili huangukia mvua za masika, na tulilijua hilo, lakini kalenda ya shule ndiyo ilituongoza. Jumatatu tulipiga simu, tukaambiwa mto uko sawa. Jumamosi asubuhi na mapema tukaondoka na basi, vijana 22 na sisi akina mama tisa, tukiimba njia nzima. Sagana tulikuta jua zuri, mbingu haina wingu.

Mto ulikuwa mwekundu kama uji wa wimbi. Matawi mazima yalikuwa yakipita, na mara moja tuliona mgomba na mizizi yake. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu mlimani Alhamisi na Ijumaa usiku, nasi huku chini tukasoma mbingu ya Sagana. Kiongozi alituonyesha mahali ambapo huwa pana jiwe wanalolitumia kama alama. Jiwe halikuonekana.

"Leo hatuingii," alisema.

Tungependa kuwaambia kwamba tulipokea kwa utulivu. Hatukupokea hivyo. Basi lilikuwa limelipwa na halirudishwi. Vijana walinuna, wengine wakalia. Mweka hazina alifungua kitabu chake akakifunga. Mmoja wetu aliuliza kama haiwezekani hata kipande kidogo tu, pale panapoonekana pametulia, tusije tukarudi bure.

Kijana yule, ambaye angeweza kuwa mwana wa yeyote kati yetu, aliinamisha kichwa kwa heshima. "Mama, mto haujui nauli mliyolipa," alisema. Akatuonyesha mti ulioanguka ukingoni, maji yakipita kati ya matawi yake. Maji hupita, mtu hapiti. Akifika hapo hunaswa na kubanwa na uzito wa maji yanayomfuata, na jaketi zuri kuliko yote halimsaidii. Mto ukijaa miti ya namna hiyo hukaa mahali ambapo jana haikuwapo.

Tulikula chapati na ndengu zetu nyasini, tukaomba, tukarudi Thika. Jioni hiyo waume zetu walitutania mpaka tukachoka.

Jumapili baada ya ibada mwenzetu alimfuata mweka hazina uani. "Nimesikia mlifika, mkaona maji, mkarudi," alisema. "Na basi mlishalilipa?"

"Tulilipa lote."

Alifikiri kidogo. "Mkienda tena, mimi na binti yangu tuandikeni."

Agosti

Mara ya pili tulichagua Agosti, mvua za masika zikiwa zimekwisha na za vuli hazijaanza. Wenye basi tuliwaambia mapema kwamba tukipiga simu Ijumaa jioni na kuahirisha, pesa zitangoja tarehe nyingine, wakakubali kwa maandishi. Kila mzazi alijaza karatasi: mtoto ana pumu? Ana kifafa? Ameshonwa karibuni? Anajua kuogelea? Swali la mwisho lilitufumbua macho, kwani katika 22 walioandika ndiyo walikuwa watano tu.

Nalo suala la mavazi lilituchukua kikao kizima, mkitaka kujua. Wapo waliosema binti wa Kikristo asionekane mtoni kwa suruali mbele ya wavulana. Lakini sketi ndefu ikilowa huzunguka miguu na kumvuta mtu chini, na leso ni mbaya zaidi. Mke wa mchungaji ndiye aliyekata shauri: suruali pana za michezo na fulana za mikono mirefu kwa wote, wavulana kwa wasichana, na leso zibaki kwenye mikoba za kujifungia wakitoka. Viatu viwe vya kufunga kamba, maana kandambili huondoka na maji dakika ya kwanza. Miwani ifungwe kwa uzi kisogoni. Pete ziachwe nyumbani, hata za ndoa, jambo lililoleta mzaha mwingi.

Asubuhi ya siku yenyewe mto ulikuwa mwingine kabisa. Maji yalikuwa ya kijani, mawe yakionekana, na lile jiwe la alama lilikuwa limetoka kichwa na mabega. Hewa ilikuwa ya baridi na wingu zito, kama Agosti ya pande zile ilivyo. Tulishukuru kwa zile sweta tulizokuwa tumelazimisha.

Kabla ya boti lolote, kila mtoto alivishwa jaketi na kukazwa mikanda. Kiongozi alionyesha namna ya kupima: unashika jaketi mabegani unalivuta juu kwa nguvu. Likipanda mpaka masikioni, halijakaza au ni kubwa. Mwenzetu alimwangalia mara moja, kisha akaingia kwenye mstari. Alimvuta kila mtoto mabegani, wote 22, na baada yao akatuvuta sisi akina mama. Mmoja wetu mwenye kifua alilalamika kwamba hapumui. "Unapumua, unasema," alimjibu, akakaza tundu jingine.

Kisha vijana waliingizwa mmoja mmoja mahali maji yametulia, wajifunze kuelea. Ukianguka, hulali kifudifudi wala hujaribu kusimama. Unalala chali, miguu mbele na vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, ili ukikutana na jiwe ulisukume kwa nyayo. Kusimama ndiko kunakoua, kwa sababu mguu huingia kati ya mawe na maji humsukuma mtu akainama hapo hapo. Na kafi hushikwa kichwani pake muda wote, kwani kichwa cha kafi kikiachwa huru hutoa meno ya jirani.

Binti wa mwenzetu alikuwa wa nne. Mama yake alisimama ukingoni, leso ameikamata kwa mikono miwili. Binti alilala chali, akazama kidogo, jaketi likampandisha, akaelea. Alitazama juu mbinguni muda mrefu kuliko wenzake.

Asubuhi tulikwenda sehemu tulivu, na boti letu lilishika upepo wake vizuri, viraka na vyote. Baada ya chakula wakubwa waliondoka na viongozi kwenda kwenye mawe, sisi tukatangulia kwa miguu kuwangojea chini. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Boti la pili lilipinda upande juu ya wimbi na mtu mmoja akatoka nje. Rangi ya helmeti ilikuwa ile ile kwa wote, hatukujua ni nani.

Mwenzetu alijua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Chali. Chali, mama," kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale, kana kwamba binti angeweza kumsikia katika ngurumo ile.

Binti alikuwa chali. Vidole vya miguu tuliviona. Kiongozi wa boti la mbele alirusha mfuko wa kamba, ukapita mbele yake, akaushika kwa mikono miwili kifuani na kuvutwa kando kama mbuzi mdogo. Haikuwa hata dakika moja. Alitoka akitetemeka na kucheka, akamwendea mama yake, na mama yake akaanza kumfungua mikanda ya jaketi akiangalia kila bizimu, moja baada ya jingine, bila kumtazama usoni. Alipomaliza ndipo alipomkumbatia.

Tuliwafuta wote kwa taulo kavu palepale na kuwabadilisha nguo. Si baridi peke yake. Kule Mwea, si mbali na Sagana, kichocho kinajulikana kwa miaka mingi, na maji yaliyotulia kando ya majani ndiyo yenye konokono wanaokibeba. Mtoto akirudi kutoka maji ya namna hiyo na baada ya wiki kadhaa akaumwa tumbo au akatoa damu, mpeleke zahanati na uwaeleze alikokuwa. Dawa ipo.

Baada ya mto

Kazi ya boti huanza mtakapofika nyumbani mmechoka. Usiku ule hakuna aliyetaka kusikia habari ya boti, na kama si mwenzetu tungelisukuma stoo likiwa limelowa, lioze tena. Jumapili mchana alikuwa uani na ndoo. Tukaona haya, tukaenda kumsaidia.

Mchanga hujificha pale sakafu ya boti inapokutana na kuta zake, nao ukibaki husaga mpira kila boti linapokunjwa. Tuliumwagia maji mpaka ukaisha. Tulifuta kwa sabuni laini, bila petroli wala mafuta ya taa ambayo watu hupenda kutumia kuondoa madoa. Tuliliacha kivulini siku mbili, tukiligeuza, mpaka mikunjo yote ikakauka. Halafu tukalikunja kwa ulegevu kama blanketi, siyo kwa kukandamiza, tukaliweka juu ya mbao mbali na sakafu na mbali na mahindi ya mchango, kwa sababu panya hufuata mahindi na humalizia kwa mpira. Majaketi sasa yananing'inia kwenye henga pana, kila moja limeandikwa namba na tarehe lilipopimwa. Tumenunua mengine matatu mapya kwa fedha za mandazi.

Ufunguo wa stoo anao mwenzetu. Vijana wameshamwuliza kuhusu Desemba. Amewaambia watapata jibu mvua za vuli zikishakoma, na majaketi yote manane yakishalala usiku mmoja ndani ya tangi.